Friza la Zuwena na Mikorosho ya Fukayosi

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Leo nimeanza kuwa mwekezaji. Ardhi bado sina, ila kichwani nimeshaanza. Zuwena kaenda Lugoba kumtazama mdogo wake aliyejifungua, atarudi Jumapili mchana. Mke asipokuwepo mtu hupata nafasi ya kufikiri. Nimefunika cherehani saa nne, nikatazama kwenye simu video tatu za kijana mwenye miwani ya jua. Anasema tajiri hununua pale ambapo wengine hawajapaona. Nikajiuliza wapi hapo. Fukayosi, kule mashambani!

Sababu ya pili ni Mwalimu Hieronimo, mstaafu, jirani yangu wa mbele. Ana kiwanja Kerege. Ukimwambia mvua itanyesha, anasema itafaa kwa msingi wake wa Kerege. Msingi wenyewe una miaka mitatu na umeota mpapai katikati. Leo kaniuliza mbele ya watu, kwa upole wake ule, kama bado nina nia ya kununua siku moja. Nimechoka kuwa mtu wa siku moja.

Jumanne, 12 Agosti

Fukayosi. Mwenye shamba anaitwa Bwanausi, mzee mtaratibu, anauza ekari mbili amalizie nyumba yake. Kanizungusha mpaka hadi mpaka. Kanionyesha mkonge uliopandwa pembeni, kanionyesha kisima cha jirani. Kuhusu mikorosho hakusema neno.

Na mikorosho ipo! Thelathini na mmoja, minene, imetoa maua. Nimeihesabu huku nikijifanya natoa kupe kwenye suruali. Bei aliyotaja ni ya ardhi tupu. Mzee kasahau mali yake mwenyewe. Nilimwonea huruma kama dakika mbili hivi, kisha ikapita.

Sikuomba punguzo, asije akaanza kufikiri. Tutaandikishana Jumamosi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, majirani wa shamba wakiwa mashahidi. Akiba yangu haitoshi. Lakini hilo ni jambo dogo.

Jumatano, 13 Agosti

Si jambo dogo. Nimezunguka nyumba nzima nikitafuta cha kuuza. Kilichobaki ni friza.

Friza ni la Zuwena. Alilinunua kwa upatu, miaka miwili. Liko barazani, anauza barafu za ubuyu na maji baridi. Kusema kweli ndilo linalotulisha tangu wateja wangu wapende nguo za dukani. Akilikosa Zuwena, sisi hatuli. Na mimi sijui nitalala wapi.

Lakini mwekezaji hutazama mbali. Korosho zinavunwa Oktoba. Oktoba namnunulia kubwa zaidi. Hadi hapo nitasema liko kwa fundi. Fundi anaweza kukaa na kitu chako hata miezi miwili, hakuna atakayeshangaa. Mimi mwenyewe nina kanzu ya mtu tangu Idi.

Mnunuzi nimempata: Hieronimo. Mkewe Gertruda anauza samaki sokoni. Kwa hiyo pesa ya Hieronimo ndiyo itakayomnyamazisha Hieronimo. Nimecheka peke yangu hadi nimekosea pindo. Sharti lake ni kwamba Gertruda apewe kwanza usiku mmoja wa kulijaribu, ndipo yeye alipe.

Ijumaa, 15 Agosti

Friza limeondoka kwa guta la magurudumu matatu watu wakiwa msikitini. Mungu anisamehe, nimeikuta khutba mwishoni. Barafu za Zuwena zimekwenda humo humo, sina pa kuziweka. Barazani pamebaki alama ya mraba sakafuni. Nimeweka ndoo juu yake. Alama inaizidi ndoo pande zote.

Kisha kwa Ally, karani anayeandika hati za mauziano. Kaniuliza kama shambani kuna miti. Nikamwambia aandike ardhi tu. Kaniuliza mara ya pili. Ardhi tu, miti haimo, andika. Sitaki neno korosho lionekane mzee akakumbuka. Ally akampigia simu Bwanausi, akamsomea. Mzee akasema Mungu anizidishie, watu wenye moyo kama wangu wamebaki wachache. Nikaona ananisifu kwa kutoomba punguzo.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika kwa raha.

Hieronimo alinilipa asubuhi, kisha akang'ang'ania kuja kuwa shahidi wangu, apate kuliona hilo pori. Tuliwakuta barazani kwa mwenyekiti: Bwanausi, majirani wanne, na mwenyekiti mwenyewe na mhuri wake. Mmoja wa majirani ni mjane mfupi, Bibi Sikuzani. Nikampa shikamoo. Akanishika mikono yote miwili, akasema hajapata kuona mtu wa mjini mwenye adabu kama mimi. Nikamjibu ndivyo tulivyolelewa. Sikujua nasifiwa kwa lipi.

Mwenyekiti akasoma hati. Alipofika kwenye maneno ardhi tu, miti haimo, wote wakaitikia kwa furaha. Akamgeukia Hieronimo kumweleza. Ardhi ni ya Bwanausi, mikorosho ni ya Bibi Sikuzani. Marehemu mumewe aliipanda kwa ruhusa ya baba yake Bwanausi, na kwao aliyepanda ndiye mwenye mti, hata ardhi iuzwe mara kumi. Mnunuzi hakati tawi, haokoti korosho, hajengi penye shina. Waliokuja kabla yangu walitaka bibi aondolewe. Mimi tu, bila kuombwa, nimeandikisha kwamba miti ni yake.

Thelathini na mmoja. Ekari mbili zote zimejaa. Nilichokuwa nanunua ni kivuli, na hata hicho sina hakika nacho.

Kukataa nilishindwa. Ningesema nini? Kwamba nilinyamaza ili nimdhulumu mzee? Bibi ananitazama kama mwanawe. Nikashika kalamu. Nikaiona ile alama ya mraba, nikamwona na Zuwena amesimama juu yake.

Hapo Hieronimo, ambaye hajui kunyamaza, akaamua kunisifu na yeye. Akasema nina bidii sana, hadi friza la mke wangu nimeuza.

Bibi Sikuzani akauliza kama mke karidhia. Nikakohoa. Akauliza tena. Nikaitazama kalamu. Mwenyekiti akafunika kidau chake cha wino, akasema hapigi mhuri juu ya jasho la mke asiye na habari, nirudi naye. Nikasikitika kwa sauti, kila mtu asikie. Moyoni nilitaka kumbusu mkono.

Njia nzima nimesema alhamdulillahi. Hieronimo, akiogopa naye jasho la mke wa mtu, aliponidai pesa yake nilimpa kabla hajamaliza kuomba. Kabla ya magharibi friza lilikuwa barazani, juu ya alama yake, linanguruma. Nimeliegemea muda mrefu. Sijapata kusikia sauti nzuri kama ile.

Jumapili, 17 Agosti

Zuwena karudi. Mtoto mzima, mama mzima. Kafungua friza kabla hajavua viatu. Kanyonya barafu moja ya ubuyu, kaitoa mdomoni, kaitazama, kanitazama mimi.

Gertruda alilijaribu kwa vibua.

Akasema kumbe yeye akisafiri mimi nanunua samaki, napika, nakula peke yangu, na yeye akiwepo namletea dagaa. Nikainamisha kichwa. Nikakiri. Nimekiri vibua ambavyo sijaonja hata mkia. Kanigombeza hadi alasiri, na mimi nimekaa nikisikiliza kwa amani kabisa. Lau angejua! Barafu zote zimemwagwa. Jioni katia mpya, tumekula, na sasa unanijia usingizi ambao sijaupata tangu Jumanne.

Nimeapa. Uwekezaji basi.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimefikiri vizuri tangu alfajiri. Uwekezaji haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kununua upande usiofaa. Pale shambani nani alikuwa na nguvu? Si mwenye ardhi. Mwenye ardhi alikuwa anaomba watu wamnunulie. Mwenye nguvu ni bibi. Haondolewi, hakatiwi tawi, na Oktoba anavuna.

Nimempigia Bwanausi anipe nizungumze naye. Bibi Sikuzani anasema kwa mtu mwenye adabu kama mimi anaweza kuachia mikorosho kumi. Ally nimeshamwagiza hati mpya: miti tu, ardhi haimo. Hapa hakuna wa kunishinda.

Zuwena anarudi Lugoba mwezi ujao kwa arobaini ya mtoto, atakaa siku nne. Gertruda anasema lile friza lilimpendeza sana. Nimemwomba safari hii alijaribu kwa maji.