Kidole cha Shahidi

Serikali iliwatangazia wakazi wote wa Stanleyville, wa mjini na wa mitaa ya wenyeji, kwamba kuanzia siku ile hakuna mtu atakayeruhusiwa kushuhudia uhalifu kiholela. Tangazo lilisomwa sokoni kwa kipaza sauti, juu ya gari, kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Lingala, na mwishowe likapigwa kwa ngoma kwa ajili ya wale waliokuwa mtoni. Kwa muda mrefu, lilisema, watu wameuona wizi kila mtu kwa namna yake: wengine kwa pembeni, wengine huku wakicheka, wengine wakiwa wamechelewa. Kwa hiyo imeundwa Ofisi ya Maelekezo kwa Mashahidi. Atakayehitimu masomo ya Ofisi ataweza kuona. Asiyehitimu aliombwa, kwa sasa, ageuze uso.

Aliyeshika kipaza sauti alikuwa Évariste, karani na mkalimani wa Ofisi, mtu wa Maniema aliyelelewa na mapadri na kuvaa koti zito kwenye joto ambalo mbuzi wenyewe walilikimbia. Évariste aliliamini kila neno alilolisoma. Hakuwa mjinga, alikuwa na sababu. Alikuwa ameomba kadi ya heshima, ile ambayo serikali iliwapa wenyeji iliowaona wamestaarabika vya kutosha, na tume ilitarajiwa nyumbani kwake kukagua kama familia inakula kwa uma. Mke wake, Odile, aliwazoesha watoto kula fufu kwa uma tangu mvua za kwanza. Watoto walikuwa wamekonda kidogo, lakini kwa heshima. Kilichobaki ni neno jema la mkuu wa Ofisi.

Mkuu huyo aliitwa Bwana Delcroix. Wenyeji walimwita Bwana Kengele, kwa sababu ya kengele ndogo ya shaba aliyoigonga kila aliposikia jambo lisilompendeza. Alijulikana katika ofisi zote za Wazungu kuwa anakijua Kiswahili kikamilifu. Ni kweli alikijua: leta, ondoa, kesho.

Masomo yalifanyika chini ya paa la bati, nyuma ya mahakama. Wanafunzi walifundishwa kwamba mtu akiibiwa asipige kelele, kwa kuwa kelele humtisha mwizi na kuvuruga uchunguzi. Afike Ofisini saa za kazi, mwizi akiwa bado ndani ikiwezekana. Walifundishwa kutotaja ukoo wa mwizi, wala ndoto waliyoota kabla. Methali zilipigwa marufuku baada ya Papa Yakubu, fundi cherehani, kusema mbele ya Bwana Kengele kwamba hakuna moshi bila moto. Évariste alipolifasiri hilo, liliitishwa gari la kuzima moto, na cherehani ya Papa Yakubu ikamwagiwa maji.

Somo lililowashinda lilikuwa la kidole. Maelekezo yalitaka shahidi amwonyeshe mtuhumiwa kwa kidole, mkono ukiwa umenyooka. Lakini katika mji ule kumnyooshea mkubwa kidole ni utovu wa adabu ambao hata kichaa huufikiria mara mbili. Watu walionyesha kwa midomo: waliisukuma mbele kidogo, kama mtu anayepuliza uji, na mwenye akili alijua ni nyumba ipi, mlango upi na mume wa nani. Bwana Kengele aliona midomo ile akadhani wanataka kumbusu. Alipoelezwa, alitoa amri kwamba midomo haiandikiki katika kumbukumbu za mahakama, na tangu hapo kila mdomo uliosogea ulipigiwa kengele.

"Kidole!" alikuwa akisema, kwa Kiswahili chake kilichokwisha kukua kwa neno moja.

Miongoni mwa wanafunzi alikuwamo Mama Asha, muuza samaki, wa zile koo za Kiislamu zilizokuwapo kabla mji haujapewa jina la Mzungu. Alijiandikisha kwa ajili ya bata wake. Alikuwa bata jike wa mayai, mkubwa kama mto wa kulalia, na alikuwa amebakia yeye tu baada ya wezi wa mtaa kuwamaliza wenzake. Mama Asha hakuthubutu kumwacha nyumbani. Alikuja naye darasani ndani ya kikapu, na bata alifuata masomo kwa utulivu kuliko wengi.

Siku moja Bwana Kengele aliona kwamba wanafunzi wanakosa kitu cha kuona. Akaamua awaonyeshe wizi mwenyewe, kwa mfano. Alivua kofia, akanyemelea kwa ncha za viatu, akanyakua kikapu cha Mama Asha, akakimbia hadi kwenye gari lake na kuondoka. Darasa lilipiga makofi. Lilikuwa somo bora kupita yote. Walisubiri nusu ya pili ya somo, ile ya kurudisha, mpaka jua likawahamisha.

Mama Asha alifika kwenye dirisha la Ofisi Jumatatu asubuhi, saa za kazi, bila kupiga kelele.

"Papa Évariste, nakuja kusema mambo ya mwizi."

"Mama, bon, uliona mwizi?"

"Niliona. Na wewe uliona. Ulipigaka hata makofi."

Évariste alirekebisha tai. "Mama Asha, ile ilikuwa mufano tu."

"Mufano inakulwa na ndizi? Augustin, mupishi wa Bwana, iko anasoma na sisi. Muulize alipika nini jana, siku ya Yenga."

"Alors, mama, ngoja kidogo. Bwana anafikiri sana. Labda anafikiri juu ya bata."

"Anamufikiri na tumbo," alisema Mama Asha. "Ile bata njo nilibakia naye, Papa Évariste. Mayai yake njo ilikuwa inasomesha watoto yangu. Wewe njo ulitufundisha: mutu akiibiwa, akuje hapa. Nimekuja."

Évariste aliwaza juu ya kadi. Aliwaza juu ya uma, na Odile, na tume mlangoni. Akamwambia kwamba shauri lake litasikilizwa kwa wakati wake, maneno ambayo serikali huyatumia ikimaanisha ahera.

Wakati wenyewe ulikuja na Jaji kutoka Léopoldville, mzee mkavu aliyetumwa kuukagua mradi kabla haujasambazwa Kongo nzima. Bwana Kengele aliandaa mtihani. Meza ilitandikwa kitambaa cha kijani. Jaji alikuwa amesoma Maelekezo yote njiani, katika meli, jambo ambalo hakuna mtu mwingine aliyewahi kulifanya, waandishi wake wakiwamo.

Aliyeitwa kwanza ni Mama Asha. Jaji alimtaka aseme uhalifu wowote aliouona kwa macho yake.

"Niliona Bwana Kengele anaiba bata yangu," alisema. "Alibeba na kikapu, akaingia naye mu mutukari."

Évariste alihisi koti likimlowa. Akafasiri kwa Kifaransa safi kwamba mtu mmoja alichukua bata.

"Papa Évariste," alisema Mama Asha taratibu, "ile 'un homme' ni nani? Mimi nilisema Bwana Kengele."

Darasa lilikohoa. Bwana Kengele aliona kukohoa huko kuwa utovu wa nidhamu, akagonga kengele. Alikuwa amefurahi. Ushuhuda ulikuwa mfupi, hauna ndoto wala methali.

Jaji aliuliza kama mtu huyo yumo humu ndani, na kama yumo, aonyeshwe.

Mama Asha alimtazama Bwana Kengele, mtu mkubwa mwenye kofia, kando ya mtu mkubwa zaidi asiye na kofia, na mafunzo yote yakamtoka. Malezi yakarudi. Midomo yake ikaanza kusogea mbele, polepole.

Kengele ililia mbele ya mgeni kwa nguvu isiyo na kifani.

"Kidole!" alisema Bwana Kengele.

Mama Asha akanyoosha mkono. Ulinyooka kama Maelekezo yalivyotaka. Nyuma yake Papa Yakubu akanyoosha wake, na benchi la mbele, na benchi la nyuma, mpaka darasa zima likawa vidole, vyote vikielekea kwenye kengele na aliyeishika.

"Bata yenyewe iko wapi?" Jaji aliuliza kupitia kwa Évariste.

Augustin alisimama, mkono wake ukiwa bado umenyooka. "Nilimupika. Na ndizi. Bwana alisema pili-pili haikutosha."

Évariste alitazama mikono ile. Kila mmoja alikuwa ameufundisha yeye. Akafasiri yote, pamoja na pilipili.

Bwana Kengele alieleza, kwa Kifaransa kirefu, kwamba ule ulikuwa mfano wa wizi. Jaji alifungua Maelekezo na kumsomea kifungu ambacho Bwana Kengele alikitunga mwenyewe: mtuhumiwa haruhusiwi kudai kwamba alikuwa akionyesha mfano, kwa kuwa wezi wote wangekuwa walimu. Akaamuru bata wa namna ileile arudishwe kwa mkono wa aliyemchukua, kwa miguu, saa soko linapojaa.

Ofisi ilitoa tangazo jipya wiki hiyohiyo. Kidole kilipigwa marufuku kama ishara ya uchochezi, na kuonyesha kwa midomo kukasifiwa kuwa mila nzuri ya wenyeji inayostahili kulindwa. Évariste alilisoma kwa kipaza sauti. Tume ya uma haikuja. Nyumbani kwake watoto walirudi kula kwa mkono, wakanenepa, na Odile akazitumia uma kupalilia mchicha.

Siku ya kurudisha, Bwana Kengele alipita katikati ya soko akiwa amemshika bata miguu, kichwa chini, mabawa yakimpiga gotini. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamehitimu. Mama Asha alimpokea ndege kwa mikono miwili, akamgeuza, akamwangalia mkia, akamgeuza tena.

Alikuwa dume.

Mama Asha alisukuma midomo mbele kidogo, kuelekea Ofisini, na soko zima likajipanga nyuma yake. Évariste aliwaona wakija. Alivua koti, akalitundika, akafungua dirisha.