Sifuri ya Mkurugenzi

Serikali ilitangaza, kwa vipaza sauti na zulia jekundu, kwamba wendawazimu umefutwa. Kuanzia siku hiyo hakuna mgonjwa wala mzima. Kila raia ana alama zake kwenye Mizani Moja ya Akili, sifuri hadi mia. Mjane, mwanajeshi, muuza mitumba, bibi kizee: mizani ile ile. Anayefika hamsini analazwa.

"Tofauti za watu ni porojo," Mkurugenzi wa Mizani aliwaambia waandishi wa habari kwenye uzinduzi wodini. "Ubongo ni ubongo."

Alikuwa na haki ya kujivuna. Wataalamu walipohitaji mtu mzima kabisa wa kuwekwa kwenye sifuri, walimchagua yeye. Ofisi yake ilikuwa mlango wa pili, na ndiye aliyeidhinisha posho zao.

Wa kwanza kupimwa alikuwa binti wa fundi cherehani. Tangu amzike mwanawe hakuwa akila wala kusema, na fundi huyo, mama yake, alikuwa amemleta akimkokota, apate kitanda kabla hajampoteza. Muuguzi akasoma maswali. Una wasiwasi na kesho? Kimya. Huwa unalia? Kimya. Kuna mtu unamwogopa? Kimya.

"Sifuri!" Mkurugenzi alishangilia. "Hongera, mama. Mzima kama mimi."

"Mzima? Huyu hata maji namnywesha kwa kijiko!"

"Hana wasiwasi na chakula. Wangapi wamejaliwa hivyo?"

"Hivi baba, una macho kweli?"

Hasira ni dalili, kwa hiyo naye akapimwa. Anaongea peke yake? Ndiyo, akishona. Anahisi anafuatwa? Ndiyo, na askari wa jiji, maana wanamfuata. Anasikia sauti za wasiokuwepo? Humsikia marehemu mumewe akikohoa. Sabini. Kitanda kikatandikwa haraka: chake yeye.

"Nikilala mimi, nani atamlisha huyu?"

"Mzima hujilisha mwenyewe, mama."

Waziri, aliyekuja kuzindua, akaketi apimwe mbele ya kamera. Waziri, mama wa watu, akajibu kwa ukweli. Usingizi haupati. Wasaidizi wote anaona wanamchimba. Simu ikilia, moyo unamwenda mbio. Sabini na tano. Kamera zikashushwa.

"Hii sifuri mmeitoa wapi?" aliuliza.

"Kwangu, Mheshimiwa."

"Dawa za wodi hii zilipoisha nilizomewa bungeni, jasho likanitoka mpaka viatuni. Wewe siku hiyo ulilalaje?"

"Usingizi wa pono, Mheshimiwa."

Waziri akamtazama yeye, akamtazama binti, akarudi kwake. Mkurugenzi akatabasamu; alikuwa ameanza kuihisi nishani kifuani.

"Ihamisheni," Waziri aliamuru. "Sifuri ni mimi."

Wataalamu wakaona hoja hiyo ina mashiko makubwa ya kisayansi, na hesabu zikageuzwa palepale. Fundi akawa mzima. Bintiye akavuka hamsini kwa mbali, akapewa kitanda, na mama akaketi ukingoni na kijiko chake. Mkurugenzi, aliyekuwa sawa na binti tangu asubuhi, akapewa cha jirani.

"Haiwezekani!" alifoka, muuguzi akimfungua tai. "Mtu hapimwi kwa maisha ya mwenzake! Binadamu hatufanani!"

"Ndivyo tulivyokuambia kwenye semina, bosi," muuguzi alisema kwa upole. "Ukasema kudai hivyo ni dalili, alama kumi. Haya, inua mikono tukuvalishe."