Jinsi Nilivyomwinua Mkaguzi

Jumatatu, 3 Machi

Siku imeanza vibaya. Mkaguzi ameshindwa kuinuka.

Mkaguzi ni mbwa wetu, mzee wa miaka kumi na mitatu. Jina alilipata kwa haki: tangu utoto wake hakuna sahani iliyopita katika nyumba hii bila yeye kuikagua. Leo sahani imepita na hakuigeukia. Alijaribu kusimama, miguu ya nyuma ikateleza kwenye sakafu, akalia. Sijawahi kusikia sauti ile kwake. Nilijifanya natafuta miwani.

Daktari wa mifugo amekuja. Nilimfundisha fizikia kidato cha pili, kwa hiyo nilitegemea mazungumzo ya wasomi wawili. Akaniamkia vizuri, shikamoo Mwalimu, kisha hakunipa nafasi tena. Nyonga zimelika, akasema. Na uzito umezidi. Huyu anabeba mbwa mmoja na nusu kwa miguu ya mbwa mmoja. Akatoa vidonge vya maumivu, kimoja kwa siku baada ya chakula. Akaonya tusithubutu kumpa dawa za binadamu, zinaweza kumuua. Chakula kipunguzwe. Asitembee panapoteleza. Matembezi mafupi tu. Atarudi Jumamosi ya wiki ijayo.

Nikauliza, na ukimkuta vilevile? Akamkuna Mkaguzi masikio kwa muda mrefu. Akasema basi Mwalimu, itabidi tukae tuzungumze kama ni haki kumweka katika hali hii.

Mke wangu akakimbilia jikoni, ingawa hakuna kilichokuwa kikiungua.

Sikuandika maagizo. Mtu aliyefundisha miaka thelathini haandiki maagizo, hushika kanuni. Mezani nimetangaza kwamba nachukua uongozi wa jambo hili. Shemeji (kaka wa mke wangu, dereva mstaafu wa malori, alikuja kutusalimia miaka minne iliyopita) akasema kama kiongozi ni mimi, afadhali mbwa aanze kuaga jamaa zake. Nimemsamehe. Usukani haufundishi fikra.

Jumanne, 4 Machi

Kidonge ndani ya nyama. Mkaguzi amekula nyama, akakiweka kidonge sakafuni kwa adabu, kama mgeni anayetoa mwiba wa samaki mdomoni. Nikakitia kwenye yai. Yai limekwenda, kidonge kimebaki. Nikakipaka siagi. Siagi imekwenda, pamoja na ile ya kwenye kijiko. Shemeji akasema Shem, mpaka sasa anayeonekana mgonjwa ni wewe, tazama unavyotoka jasho.

Nikakaa, nikafikiri. Mbwa anatamani nini? Kile ambacho mwenzake anakaribia kukimeza! Na binadamu ni hivyohivyo, lakini hilo ni somo jingine. Nikakifunga kidonge ndani ya kipande kingine cha nyama, nikampa Shemeji, nikamwelekeza aigize kukila kwa uchu. Shemeji si mwigizaji mzuri. Ila njaa ni mwalimu. Akasahau sehemu ya kuigiza, akafumbua kinywa kwa dhati. Mkaguzi alipoona mali inapotea akainua shingo, akakinyakua vidoleni mwa Shemeji na kukimeza kizima.

Ushindi! Shemeji anapuliza vidole. Nimemweleza kwamba sayansi daima imekuwa na wahanga wake.

Nyama, yai na siagi nimevihesabu kuwa sehemu ya dawa. Si chakula.

Alhamisi, 6 Machi

Leo ni suala la kuteleza. Sakafu yetu ni ya sementi nyekundu, na mke wangu huipaka nta kila wiki mpaka mgeni akiinama anajiona pua. Kumwomba aache nta ni kutangaza vita. Lakini kinachozuia kitu kuteleza ni nini? Msuguano. Soksi za sufu zina msuguano. Kwa hiyo nimemvalisha Mkaguzi soksi zangu nne.

Akasimama. Miguu minne ikaelekea pande nne za dunia. Kisha akaondoka taratibu, kwa tumbo, bila hatua hata moja, akaingia chini ya kabati kama droo inayofungwa. Hakulia. Alinitazama tu. Shemeji akauliza kama ni hivi ndivyo nilivyokuwa nikiwafaulisha watoto wa watu. Mke wangu akataka kujua soksi imeanza lini kuwa breki.

Nakiri kwamba nta sikuitia katika hesabu. Kosa ni la nta.

Mke wangu alipokwenda sokoni nikachukua hatua ya pili. Tuna zulia la wageni. Hukaa limeviringishwa ndani ya nailoni, na hufunguliwa wakija wakwe tu. Nikalitandika kuanzia jikoni kuelekea barazani. Halikufika. Nikachukua mkasi. Likafika.

Mke wangu amerudi, akasimama mlangoni na kikapu mkononi. Akatazama vipande. Akasema, “Haya.” Neno moja tu. Waliokaa kwenye ndoa muda mrefu wanajua uzito wake. Nilikuwa nimefungua kinywa nieleze kanuni, Mkaguzi akainuka. Alijikongoja juu ya zulia, hatua kwa hatua, hakuteleza, mpaka kwa mke wangu, akamwegemezea kichwa gotini. Mke wangu akaweka kikapu chini. Baadaye akatamka kwamba kuanzia leo zulia ni la Mkaguzi, na kwamba anayelikata zulia la watu atembee juu ya sementi.

Nimeteleza mara mbili kabla ya chakula cha jioni. Lakini kanuni imethibitika!

Jumapili, 9 Machi

Kupima uzito. Mimi na Shemeji tumemkokota Mkaguzi kwa toroli mpaka kwa muuza nafaka mwenye mizani ya magunia. Tangu Daktari alipompima Jumatatu, ameongezeka kilo nzima! Muuza nafaka akanipongeza. Akauliza nitamchinja lini mnyama wangu.

Haiwezekani. Nampimia mwenyewe nusu ya chakula chake cha zamani, na kila mlo nimewaeleza wote mezani, kwa kirefu na kwa mifano, jinsi mwili unavyoyeyusha mafuta yake ukinyimwa. Hakuna aliyeuliza swali. Mke wangu alikuwa akimtazama Mkaguzi tu.

Maana yake kuna mwizi. Mwizi wa ajabu: haibi, anatoa. Kikulacho ki nguoni mwako. Ninamshuku Shemeji. Alipoona mizani alikohoa.

Jumanne, 11 Machi

Mtego! Nimeaga kwamba nakwenda kunyoa. Nikatokea mlango wa mbele, nikazunguka, nikaingia kwa nyuma na kujificha stoo, kati ya mifagio na gunia la mkaa. Mlango una ufa. Ua wote niliuona.

Wa kwanza, kama nilivyobashiri, Shemeji. Akaja na nusu ya kifungua kinywa chake, akamwambia Mkaguzi kula mwanangu, huyu mzee atakumaliza kwa njaa. Nikataka kuchomoka. Nikajizuia.

Wa pili akatokea juu ya ukuta. Jirani yetu, fundi wa nguo, tunamwita Mama Cherehani. Akashusha bakuli la uji wa maziwa kwa kamba. Kwa kamba! Utaalamu ule haukuanza leo. Akasema masikini babu yangu, nyumba nzima wanakunyima.

Wa tatu, mke wangu. Mke wangu mwenyewe, mwenye sufuria, anatazama nyuma kama mtoro wa shule. Akanong'ona kwamba kila mtu humu ndani amekuwa jiwe, lakini mama yako yupo.

Sasa nieleze, maana jambo hili linafunza. Hakuna aliyemjua mwenzake. Kila mmoja aliamini ni yeye peke yake mwenye huruma, na kwamba mbwa anakula nusu sahani kwa siku. Yote kwa sababu nilieleza vizuri mno.

Wakati nikifurahia ugunduzi huu, Mkaguzi aliacha sufuria. Akanusa hewa. Akaja moja kwa moja, akapanda kidato cha stoo, akausukuma mlango kwa pua. Nikaonekana na fagio begani. Mke wangu akauliza kumbe siku hizi kinyozi amehamia humu?

Mkaguzi akatumbukiza pua kwenye mfuko wa shati langu na kutoka na ini lililofungwa kwenye karatasi. Nikasema ni la kidonge. Shemeji akasema Shem, kidonge umeshampa asubuhi, na vidole ni vyangu. Nikasema kidonge kinaweza kuanguka, mtu makini huwa na akiba. Akanipapasa mfuko wa pili. Akiba nyingine.

Wamecheka mpaka Mama Cherehani akashikilia ukuta. Kisha mke wangu akafuta macho kwa upande wa gauni. Akasema tunamuua huyu, sote wanne, kwa mapenzi.

Hukumu yake: bakuli moja, mkono mmoja, nao ni wake. Mama Cherehani akaapa kwa sindano zake. Shemeji akaapa kwa lori. Mimi nimebakiziwa kidonge, chini ya usimamizi.

Kwa muhtasari: nimefichua mtandao mzima kwa mkupuo mmoja. Na kuna jambo waliolipuka kwa kicheko hawakuliona. Alipanda kidato cha stoo bila kulia. Mimi nimeliona.

Alhamisi, 13 Machi

Nimetengeneza mteremko wa kumpandisha barazani bila kupita kwenye vidato vitatu. Mlango wa kabati la nguo, matofali mawili, pembe sahihi kabisa. Mkaguzi ameutazama, akalala chini yake. Una kivuli kizuri. Shemeji aliujaribu akiwa na kikombe cha chai. Chai imefika chini kwanza.

Asubuhi ilikuwa ya baridi na Mkaguzi aliamka amekakamaa. Nikapitisha taulo chini ya tumbo lake, nikashika ncha zote mbili, tukainuka pamoja. Tukaenda mpaka getini, tukarudi. Polepole. Nadhani nimetembea njia nzima bila kumweleza kitu. Jumamosi imekaribia sana.

Jumamosi, 15 Machi

USHINDI!

Nilikuwa nimeandaa hotuba na ubao. Havikuhitajika. Daktari ameingia getini. Mkaguzi alikuwa amelala uani, chini ya baraza. Mke wangu alikunja mikono kwenye aproni. Mama Cherehani alikuwa juu ya ukuta, pini mdomoni. Daktari akapanda barazani, akaketi, akaweka mkoba sakafuni na kuufungua zipu.

Mkaguzi akasikia zipu. Mkoba mgeni, haujakaguliwa! Akainua kichwa. Akajikusanya. Miguu ya nyuma ikatetemeka, na mimi nikatetemeka nayo. Akasimama. Kimya. Hakulia! Akaupita mteremko wangu bila kuutupia jicho (ni haki yake), akapanda kidato cha kwanza. Cha pili. Hapo akapumzika kama mzee anayesubiri kuamkiwa. Cha tatu. Akatia kichwa chote ndani ya mkoba wa Daktari.

Mama Cherehani akapiga vigelegele, pini ikaruka. Shemeji akatangaza kwamba vumbi la lori limemwingia jichoni. Lori aliliacha miaka sita iliyopita.

Daktari akamkandakanda nyonga kwa muda mrefu, akamweka kwenye mizani yake. Mshale wa mizani umeshuka, upande wetu. Akasema uzee hauna dawa, Mwalimu, na siku mbaya zitakuwepo. Lakini maumivu yametulia. Tuendelee hivihivi, bakuli moja, kidonge, zulia. Mke wangu akauliza kwa sauti ndogo, na yale mazungumzo? Daktari akasema mazungumzo gani, Mama? Mimi sioni la kuzungumza hapa.

Kisha akataka kujua nani alifikiria zulia. Mke wangu akaninyooshea kidole. Mbele ya watu! Nikasimama nieleze msuguano tangu mwanzo. Daktari akasema anaukumbuka, na akatazama saa.

Jumapili, 16 Machi

Sifa zimeshavuka ukuta. Mama Cherehani ameleta paka wake mzee. Meno yanamsumbua, hawezi kula vizuri, na ana miadi kwa Daktari kesho asubuhi. Nikamwambia kesho ya nini? Mgonjwa ni mgonjwa, kanuni ni zilezile. Niachie mimi. Mke wangu akasema Baba Watoto, mrudishie mwenzio paka wake. Nikatangaza kwamba nachukua uongozi.

Hatua ya kwanza ni kupima uzito. Paka alipoona ndoo na kamba ya mizani niliyobuni, akapanda pazia, akaingia kwenye tundu la dari. Nikamfuata kwa ngazi. Shemeji alikuwa ameishika ngazi.

Naandika haya nikiwa darini. Ngazi haipo. Shemeji anasema ameiazima mara moja tu, na nasikia vikombe vya chai vikigongana uani. Paka amekaa kwenye boriti ya tatu. Huku ni kweusi na kuna vumbi, lakini hali haijaharibika.

Mkaguzi yuko chini ya tundu, ananitazama. Shingo ilipomchoka aliinuka, akazunguka, akakaa upande wa pili ili anione vizuri. Aliinuka bila sauti yoyote.

Paka amesogea boriti moja. Mbali nami zaidi, lakini amesogea. Nimeanza kumweleza, kwa utulivu, faida za kupimwa. Naona anaanza kuelewa.