Kura Ishirini na Sita

Jumatatu, 9 Juni

Mwalimu Mkuu ametangaza: kila mmoja atafute chombo cha mtandaoni cha kufundishia, akijaribu darasani, kisha awashirikishe wenzake. Ijumaa tunapiga kura. Mshindi atakuwa mratibu wa chumba cha vishikwambi, na kama ni mwalimu wa muda, ataajiriwa moja kwa moja. Mwalimu wa muda ni mmoja tu. Mimi! Mkataba wangu unaisha tarehe thelathini.

Hata chai haijaiva, mwalimu wa Jiografia, tunayemwita Bwana Ramani, kashatuma kwenye grupu dunia inayozunguka ukiigusa. Pongezi kibao. Kujipendekeza tu. Nami nimetuma chemshabongo yangu ya Baiolojia. Nimeifunga kwa nywila, wasije wakaniibia. Wenzangu wote kumi na watatu wameuliza nywila ni ipi. Nimewajibu wafanye utafiti.

Jumanne, 10 Juni

Shangazi, ninayeishi kwake, ameniuliza tangu lini kushirikisha watu kukawa ni kuwafungia mlango. Shangazi hajasomea ualimu.

Kidato cha Pili. Maswali yanatokea ukutani, wanafunzi wanajibu kwa vishikwambi, na majina ya wanaoongoza yanapanda juu. Majina wanajichagulia wenyewe. Sikujua! Swali la nne, vyumba vya moyo, Mwalimu Mkuu kaingia. Ukutani, kwa herufi kubwa kama za bango la harusi: KIPARA CHA MKUU ANAONGOZA. Pointi mia tisa. Amejipapasa kichwa. Ameuliza huyo ni nani. Wanafunzi wote wameinamia vishikwambi. Nimemwambia la muhimu ni kwamba somo la moyo limemwingia. Ameondoka bila kuaga.

Sijutii. Pointi mia tisa ni pointi mia tisa.

Jumatano, 11 Juni

Bwana Ramani amevuta kiti mezani kwangu. Eti mwanangu, kuna kitufe hapa cha kuzuia majina ya utani. Mwanangu! Mbele za watu! Kaja kunipeleleza, ni wazi. Nimemshukuru kwa sauti kavu. Alipotoka nimekibonyeza. Si kwa ushauri wake. Nilikuwa mbioni kukigundua.

Mwalimu wa Hesabu, aliyekuwa akisahihisha madaftari pembeni, kacheka. Ati dada, mficha maradhi kifo humuumbua. Sina maradhi mimi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimejitolea kuandaa kura mtandaoni. Hakuna karatasi, siri tupu, na inafunguliwa leo hii hadi kesho. Mwalimu Mkuu amefurahi, mara ya kwanza tangu habari ya kipara.

Kila kifaa kura moja. Chombo chenyewe hakiulizi jina. Chumbani mna vishikwambi kumi na viwili vinavyowaka. Wenzangu walipokwenda kunywa chai, nimejifungia humo. Kimoja baada ya kingine, na jina langu kila mara.

Je, ni wizi? Nimejihoji kwa dhati, dakika nzima. Hapana. Mwalimu Mkuu mwenyewe alisema tuvijaribu vyombo. Nimevijaribu kumi na viwili.

Ijumaa, 13 Juni

Matokeo ukutani. Mimi kumi na nne. Bwana Ramani kumi na mbili. Nimesimama kushukuru. Hotuba ilikuwa tayari, kurasa mbili.

Katikati ya ukurasa wa kwanza mwalimu wa Hesabu kanyoosha mkono. Jamani, kwani humu tuko wangapi? Wamehesabiana kwa vidole. Kumi na wanne. Kura ishirini na sita.

Sikutetereka. Nimeeleza kuwa mtandao ukilemewa huongeza namba. Akauliza: kwa hiyo mtandao unazaa, dada? Ofisi nzima hoi kwa kicheko. Mwalimu Mkuu hakucheka.

Ndipo Bwana Ramani akasimama. Amesema kura mbili kati ya zangu ni halali: yangu na yake. Kanichagua mimi! Kwa sababu, amesema, hapa hakuna anayeitaka kazi hii kama huyu binti.  Nimetazama saa ya ukutani hadi alipokaa.

Hukumu: Bwana Ramani ndiye mratibu. Mimi msaidizi wake, kwa ombi lake, miezi mitatu. Ya muda. Ajira tutaona.

Jumamosi, 14 Juni

Nimelala vizuri, nimetafakari kwa kina. Shangazi anasema nimuombe radhi yule mzee na nimshukuru. Nimshukuru kwa lipi? Adui akikupigia kura, jiulize anataka nini.

Kosa langu nimeliona, na ni moja tu: hesabu. Mwalimu Mkuu amesema baada ya miezi mitatu walimu watapiga kura tena kuamua kama nibaki. Vizuri sana. Safari hii zitakuwa kumi na nne kamili, wala hakuna atakayenyoosha mkono.

Nitazipiga zote mwenyewe.