Siku Sita za Kupumzika kwa Nguvu

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Zahanati. Presha 168 juu, 104 chini. Daktari akauliza nalala kwa muda wa saa ngapi kila usiku. Nne. Akauliza nagombana na watu mara ngapi kwa siku. Nikamwambia inategemea wamekosea mara ngapi. Hakucheka. Akasema mwili wangu umesimama mguu sawa miaka ishirini na moyo umechoka gwaride. Kidonge kimoja kila asubuhi, na nipumzike.

Mke wangu alikuwepo. Kosa langu. Tulipofika nyumbani akazitia funguo za karakana mfukoni mwa gauni. Nitazipata namba ya juu ikishuka chini ya 140. Hadi hapo kazi iko kwa shemeji, mdogo wake, aliyewahi kuunda meza yenye miguu minne ya urefu wa aina tatu. Karakana niliyoianza na randa moja na turubai!

Jumanne, tarehe 5
Nimenunua mashine ya kupimia. Kazi bila kipimo ni porojo. Nimechora ratiba: pumzi ndefu 200, kupima, kunyoosha miguu, kupima. Vipimo 22 kwa siku. Kwenye pumzi ya 140 nikasikia msumeno unalia huko nyuma ya nyumba. Shemeji anasukuma mbao kwa pupa. Hesabu ikanipotea, nikaanza upya. 171. Mke wangu akasema hajawahi kuona mtu anapumzika huku amekunja ngumi.

Jumatano, tarehe 6
Jirani yetu, mwalimu mstaafu, hushinda kibarazani kwake. Nimempima: 116. Hana ratiba yoyote. Nikamuuliza anafanyaje. Akafikiri sana, akasinzia kabla ya kujibu.

Nikaweka kiti mkabala na chake. Dakika tisini sikutikisika. Yeye alitikisika mara sita. Nimemshinda wazi.

174.

Alhamisi, tarehe 7
Mke wangu anataka kuona namba. Hakusema za mkono wa nani. Mwalimu alikubali kukaa nyuma ya pazia la sebuleni, mkono wake mmoja tu ukitokeza kando yangu. Wangu nikauficha ndani ya shati. Mke akafunga kitambaa, mashine ikavuma, ikatulia. 114. Nikatabasamu.

Pazia likaanza kukoroma.

Mke wangu hakupandisha sauti. Akasema, "Mwalimu, ukiamka kuna chai." Kisha akanigeukia. "Baba watoto, mimi siogopi namba. Naogopa kuja kukuita ule, nikukute umelala juu ya mbao, huamki." Akaondoka na mashine. Sauti ilikuwa inamkwaruza. Mafua, nadhani.

Ijumaa, tarehe 8
Sina mashine, ratiba haina maana. Nilikwenda kwa mwalimu kumlaumu kwa kukoroma. Mlango wake unakwaruza sakafu mwezi wa kumi sasa. Nikamwambia siwezi kukaa nautazama. Nikafungua bawaba, nikaulaza kibarazani, nikaupiga ukingo wa chini kwa randa yangu kuukuu ya nyumbani, taratibu, maranda yakijikunja yenyewe. Mwalimu alikuwa akisimulia habari za wanafunzi wake. Nilisikia nusu. Jioni ikaingia bila taarifa. Mlango sasa unafungwa kwa kidole.

Siku imepotea bure. Sijapumzika hata dakika moja. Nasinzia, na saa tatu haijafika.

Jumamosi, tarehe 9
Nimelala muda wa saa kumi nzima. Aibu. Nilipofumbua macho mke wangu alikuwa ananifunga kitambaa. 126. Akapima tena: 124. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akatoa funguo, akaniwekea kiganjani.

Nikamrudishia. Mimi ni fundi, sipokei kipimo cha uongo. Mtu anashinda na randa, hata pumzi moja ya ratiba hajavuta, halafu 124? Mashine mbovu.

Nikaenda nayo dukani. Muuzaji akasema ni nzima. Akajipima mbele yangu: 119. Nikamwambia hata yake siiamini. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu kumi na mmoja, nikawaeleza mmoja mmoja. Saa nzima na robo. Mwishowe akanibadilishia. Nikajipima palepale kaunta.

173.

Hii ndiyo mashine. Kesho naanza na pumzi 300.