Bangili ya Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Juni

Kreni mpya imefika! Nimeiona kwa macho yangu mawili ikishushwa vipande vipande pale yadini kazini. Ya manjano. Ina chumba cha dereva chenye vioo pande zote, kiti kinachozunguka na kiyoyozi. Kiyoyozi! Miaka tisa naendesha folklifti, navuta vumbi la saruji, na sasa huko juu kuna kiti kimoja kinanisubiri mimi.

Tatizo ni Kijiko. Naye ni dereva wa folklifti, naye anakitaka kiti. Tunamwita Kijiko kwa wembamba wake. Mtu mwenye shingo ile atafanya nini huko juu upepo ukivuma?

Meneja kasema hachagui yeye, anachagua daktari wa kampuni. Kreni haitaki mtu wa kusinzia. Hapo kanitazama mimi. Eti nilisinzia kwenye kikao cha usalama kazini. Mara moja tu. Sawa, mara tatu. Lakini vikao vyenyewe vilikuwa virefu.

Basi kila mmoja kapewa mkanda mweusi wa kuvaa mkononi, una kioo kidogo. Tulale nao usiku saba. Unapima oksijeni kwenye damu wakati mtu amelala. Atakayeonekana hapumui vizuri hapandi kreni. Daktari alieleza pia jinsi ya kusoma kile kioo, ila wakati huo nilikuwa naangalia kreni dirishani.

Jumanne, 3 Juni

Nimemwonyesha mke wangu mkanda. Kacheka mpaka kaacha kushona. Kasema mkanda huo utapasuka usiku wa kwanza. Eti nakoroma mpaka majirani wa nyuma wanajua nimelalia ubavu gani. Eti katikati ya kukoroma nanyamaza kabisa, yeye anabaki anahesabu, halafu nashtuka kama mtu aliyeopolewa majini. Uzushi mtupu! Mimi niko pale pale kila usiku, mbona sijawahi kusikia?

Hata hivyo siwezi kufanya mzaha na kiti cha kreni. Nahitaji mkono wa mtu anayelala vizuri. Nimemwomba mke wangu auvae yeye. Kasema yeye hafanyii watu mitihani. Nikamjaribishia mwanangu, mkanda ukateleza mpaka begani.

Saa kumi jioni jibu limekuja lenyewe. Mama mkwe! Anakaa nasi tangu alipoumia goti. Alikuwa ananigombeza kuhusu bomba la jikoni linalovuja, mara katikati ya maneno akalala. Fofofo! Mdomo wazi, kidole bado kimeninyooshea. Nimemtazama kwa heshima kubwa. Huyu mama analala akisikiliza redio. Analala akimenya vitunguu. Juzi kalala kwenye foleni ya zahanati, amesimama. Na bado saa tatu usiku anafunga mlango wa chumba chake kule nyuma karibu na stoo, hasikiki tena mpaka asubuhi. Hicho ni kipaji. Bingwa wa usingizi yumo ndani ya nyumba yangu, nami nahangaika!

Jumatano, 4 Juni

Sasa, mama mkwe ni mama mkwe. Siwezi kumshika mkono nikamfunga mkanda. Hata kiti chake sikikalii. Nimewaza kutwa nzima, nusura nimwangushie Kijiko mifuko ya saruji miguuni. Haikuwa makusudi. Si sana.

Halafu nikapata! Zawadi! Nimeutia mkanda kwenye kisanduku cha sabuni, nimekifunga kwa utepe kutoka kwenye kapu la mke wangu, nimekiweka mezani mbele ya mama mkwe na kurudi nyuma hatua tatu. Nikasema hii ni bangili ya kisasa, wanavaa watu wazito, na ya namna hii haivuliwi wakati wa kulala.

Mama mkwe kalia. Machozi ya kweli! Kasema kwa miaka kumi na moja nimewahi kumpa fagio tu, tena la kufagilia humu humu ndani. Kanibariki mimi na kizazi changu chote. Mke wangu kanitazama kama anavyotazama doa kwenye kitambaa cha mteja. Nikaenda zangu kuoga huku naimba.

Ijumaa, 6 Juni

Mambo shwari. Ila mama mkwe kauliza mbona akibonyeza bangili asubuhi inaandika namba. Jana themanini na moja, leo sabini na nane. Nikamweleza kitaalamu kwamba hiyo ni chaji, imepungua kwa sababu bangili imefanya kazi usiku kucha. Karidhika. Kasema kichwa kinamuuma tena leo. Nikamwambia ni uzito wa bangili, atazoea.

Akienda kuoga naunyakua mkanda, nauchaji, naurudisha. Mume wa binti yake, mchana kweupe, nanyatia mlango wa bafuni kama kibaka! Lakini kiti kina kiyoyozi.

Jumapili, 8 Juni

Leo asubuhi sabini na nne. Chaja waliyonipa ni mbovu. Nitailalamikia nikishapata kazi.

Mama mkwe kaenda kwaya na bangili, sketi nyeusi, mkono kauinua juu kuliko wote. Karudi amenuna. Kumbe mke wa Kijiko anaimba sauti ya pili pale, na mbele ya watu kasema mumewe naye analo dude kama hilo, kapewa kazini. Mama mkwe kanikodolea macho, anasubiri jibu.

Nikasema bila kupepesa kwamba ya Kijiko ni ya bandia.

Kafurahi kupita kiasi! Kasema hata yeye aliona rangi si ile. Halafu kalala kwenye kochi na kofia yake ya kwaya.

Jumatano, 11 Juni

Usiku saba umetimia. Kazi ikawa kuurudisha mkanda. Mama mkwe kakataa katakata, kasema zawadi hairudishwi. Nikazunguka nyumba mara mbili nikifikiri. Nikarudi nikasema fundi anaiomba siku moja aing'arishe. Kakubali, ila kaivua kwa uchungu kweli.

Nimemkabidhi daktari kwa mikono miwili. Kijiko naye kakabidhi wake. Nikamwonea huruma, maskini.

Jioni nimefanya mazoezi. Nimepandisha kiti juu ya meza, nikakaa, miiko miwili ndiyo usukani. Kulia, kushoto, shusha taratibu! Kule juu mtu anajisikia mkubwa. Nimevunja taa ya sebule kwa kichwa. Mke wangu kaniletea ufagio.

Alhamisi, 12 Juni

Daktari kafunga mlango. Kaniambia nikae. Kaniuliza nimefikaje kazini. Nikasema kwa miguu. Kashangaa.

Halafu kanigeuzia kompyuta. Mstari unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kurasa na kurasa. Kasema kila kushuka ni pumzi imekatika. Mamia kwa usiku mmoja. Mtu mzima wa afya oksijeni yake inakaa juu ya tisini na tano, hii imeshuka mpaka sabini na nne. Ndiyo maana mtu wa namna hii anaumwa kichwa asubuhi na anasinzia hata akiwa anaongea. Moyo unabeba mzigo. Ipo siku utachoka.

Nikauliza, kwa hiyo ile namba si chaji? Kasema si chaji.

Nakiri, kwanza nilifurahi. Si mimi! Mimi mzima! Ikapita dakika nzima kabla sijaona kile kidole cha mama mkwe kimenyooshwa hewani na mdomo wazi, nami nimekaa pale nashangilia moyoni. Nikaogopa. Niliogopa kweli. Yule mama ananigombeza kila siku ya Mungu, lakini kesho asipoamka, nani atamwambia mke wangu kwamba mimi nilikuwa nasomewa namba kila asubuhi, kazi yangu ikawa kuchaji?

Nikatafuta ujanja wa kumpeleka hospitali kimya kimya. Haupo. Vipimo viko kwenye kompyuta ya daktari, vina jina langu. Nikapiga moyo konde, nikasema yote. Mpaka utepe.

Daktari kavua miwani. Nje ya mlango nikasikia mtu anacheka hadi anakohoa. Kijiko, alikuwa anasubiri zamu yake. Vipimo vyake tisini na sita. Ana bahati tu, mwili wenyewe mdogo, unahitaji hewa kiasi gani?

Daktari kachapisha karatasi zote, kakata jina langu kwa kalamu nyekundu, kaandika la mama mkwe. Kasema nimpeleke kesho asubuhi na mapema. Nikirudi nitavaa mkanda mimi mwenyewe, na atanifunga yeye kwa mkono wake. Meneja kasema uamuzi wa kreni usubiri mpaka Juni 27. Kumbe bado nimo!

Ijumaa, 13 Juni

Nilimwambia mke wangu kwanza, jana ile ile. Hakupiga kelele. Kakaa chini, kauliza sabini na ngapi, kisha kaenda kukaa mlangoni kwa mama yake na hakuondoka hapo mpaka kulipokucha. Bora angenipiga kwa rula yake ya kukatia vitambaa.

Mama mkwe nikamwambia mimi, nimesimama kizingitini. Nikasema mama, nisamehe, ile bangili si bangili. Inapima pumzi. Na pumzi yako ukilala inakatika. Nikajiandaa kukimbia. Yeye kasema yuko tayari, nimtafutie viatu.

Tumeshinda hospitali. Nimebeba mkoba wake siku nzima bila kuambiwa.

Jumanne, 17 Juni

Ushindi! Hospitali wamempa mashine ndogo inayosukuma hewa, ina bomba na barakoa ya kuvaa puani. Juzi na jana kalala nayo. Leo kaamka saa kumi na mbili anaimba! Kichwa hakiumi. Kasikiliza redio taarifa yote mpaka hali ya hewa. Kamenya vitunguu mpaka vikaisha, kaulizia vingine. Kanigombeza kuhusu bomba la jikoni, safari hii mpaka mwisho, sikujua kama ni karipio refu hivyo.

Sasa sikiliza hii. Wenzake wa kwaya wamekuja kumjulia hali. Mama mkwe kawaeleza kwamba mkwe wake aliona mapema hali yake si nzuri, na kwa kuwa ana adabu hakutaka kumtisha, kaficha kipimo ndani ya zawadi. Kasema mkwe kama huyu hazaliwi mara mbili. Wamenipigia vigelegele sebuleni kwangu!

Nikamtazama mke wangu. Mke wangu kaitazama dari, pale taa ilipokuwa. Nikaona si vizuri kumsahihisha mgonjwa.

Jumamosi, 21 Juni

Daktari alinifunga mkanda Alhamisi. Kakaza mpaka tundu la mwisho, na sasa najua kusoma kioo. Usiku wa kwanza: sabini na tisa. Nikasema nimekula sana. Usiku wa pili sikula. Sabini na saba.

Mke wangu hakucheka safari hii. Kanishika mkono wenye mkanda. Kasema miaka yote hii akiwa anahesabu alikuwa anaogopa, ndiyo maana anafanya utani. Daktari mwenyewe alishasema Alhamisi kwamba si aibu, nikikutwa na tatizo nitapewa mashine kama ya mama, na baada ya miezi michache nitapimwa tena. Kreni nyingine zitakuja. Kasema hataki kuwa mjane kwa ajili ya kiyoyozi. Nikamwahidi. Jumatatu asubuhi tutaenda wote wawili hospitali. Nimeahidi kwa moyo wangu wote, na ninaandika hapa ili nisisahau.

Jumapili, 22 Juni

Baada ya miezi michache Kijiko atakuwa ameshakizoea kile kiti! Atakuwa ameweka na kitambaa!

Nimelifikiria jambo hili vizuri leo wakati mama mkwe anapumzika mchana na barakoa yake. Usingizi wa kifalme. Kifua kinapanda, kinashuka, polepole. Hospitali imemsifu. Mtu anayepumuliwa na mashine, oksijeni yake itashukia wapi? Na tundu la mwisho la mkanda si kitu, nimelegeza kwa sindano ya cherehani. Zile namba mbili za mwanzo nitasema mkanda ulikuwa umekazwa mno.

Nimesimama kizingitini kwa adabu zote. Nikamwambia mama, daktari anataka tuhakikishe mashine yako inafanya kazi sawasawa, basi uivae bangili tena siku tano tu. Kanibariki upya. Kasema mkono ulikuwa mtupu mno bila hiyo. Hospitali ya kesho nimeisogeza mbele hadi baada ya tarehe 27, mke wangu nitamwambia nina zamu.

Karudi kulala nayo kidogo, katoka sasa hivi, kabonyeza kioo nami nikakisoma kwa mbali. Asilimia tisini na saba! Jamani, tisini na saba! Sijawahi kuwa mzima namna hii maishani mwangu.