Nilivyoukemea Uyoga wa Bibi

Jamani, leo sina pa kuweka uso.

Mnajua mimi ni mlinzi kwa bibi mmoja wa Kizungu huku Kensington, kusini mwa Afrika. Uani kwake kuna mwaloni mkubwa, mti ulioletwa kutoka Ulaya. Kila mvua ikinyesha ananiambia yaleyale: "Jean, ukiona chochote kimeota chini ya mti huu, niite. Usikiguse." Kuna uyoga wa Ulaya, adimu hata huko kwao, uliota hapo mara moja tu, mumewe akiwa bado hai. Tangu hapo anausubiri.

Leo asubuhi nikauona.

Ndugu zangu! Mkubwa kama sahani ya ugali. Kofia nyeupe, mguu mwekundu. Nikapiga magoti bila kutumwa. Nimekulia Lubumbashi, nimeokota uyoga porini tangu utotoni, lakini kitu kile sijawahi kukiona.

Nikamwita bibi? Thubutu! Kwetu uyoga hautangazwi mpaka uwe ndani ya kikapu. (Ukitangaza, jirani anakutangulia.) Nikaona nimpelekee jikoni kabisa, afurahi. Nikaukata, nikaupasua katikati. Nyama ya njano. Mara ikaanza kugeuka bluu! Hivi hivi, naiangalia!

Nikautupa. "Katika jina la Yesu, toka! Rudi kwenu!" (Kwa sauti ya mkesha, na kisu mkononi.)

Bakari wa Tanga, mtunza bustani, akaangusha reki. "Eish, kaka! Unaukemea uyoga?"

Nikageuka. Bibi yuko mlangoni na kikombe cha chai. Ameona yote.

Nikajua kazi imekwisha. Akaja polepole, akakaa kwenye nyasi mbichi, akaokota kipande kwa mikono miwili. Akalia. "Ndio huu. Umerudi."

Nikaomba msamaha mpaka Kiingereza kikaniishia, nikamalizia kwa Kifaransa. Akasema nilichokata ni tunda tu. Uyoga wenyewe uko chini, umeshikana na mizizi tangu mti uletwe kwa meli. Miaka yote hiyo gizani, ugenini, unangoja mvua yake!

"Ila ungeupika," akasema, "tungelazwa sote."

Sasa nimewekewa kiti chini ya mwaloni, nilinde nyasi. Bakari akipita anauliza, "Mchungaji, ibada saa ngapi?"

Msinicheke. Mimi, wa foleni ya karatasi za ukaazi kila mwaka, ndiye niliyemwambia mgeni mwenzangu arudi kwao.